The Outsiders: kinachowatenganisha Greasers na Socs ni pesa, au ni kitu kingine kabisa?

#1 Mzee wa Kurasa
Wakuu, salaam.

Kila riwaya ya The Outsiders ya S.E. Hinton inapotajwa, maelezo ni yale yale: vijana wa kitajiri wa upande wa magharibi ya Tulsa (Socs), vijana maskini wa upande wa mashariki (Greasers), wanapigana, mwisho wa habari. Mimi napinga. Pesa ni vazi tu. Kinachoamua nani anaangamia na nani anabaki ni kama nyumbani kuna mtu wa kukukataza jambo.

Hesabuni waliokufa. Bob Sheldon, Soc, mtoto wa tajiri. Johnny Cade, Greaser. Dallas "Dally" Winston, Greaser. Sasa angalieni nyumba zao. Wa Bob: rafiki yake Randy anamweleza Ponyboy, msimuliaji wetu, sura ya 7 kwamba wazazi wake hawakuwahi kumwambia "hapana", akirudi amelewa wao ndio wanajilaumu, na yeye alichokuwa anatafuta ni mtu wa kumwekea mpaka. Wa Johnny: baba anapiga, mama anapiga kelele au hamwoni kabisa. Wa Dally: baba hajali kama mwanawe yuko jela au yuko hai. Watatu hawa hawana mlezi kwa maana halisi ya neno, na mmoja wao ana kila kitu ambacho pesa hununua.

Upande wa pili kuna ndugu watatu wa Curtis: Darry, Soda na Ponyboy. Wazazi walikufa kwa ajali ya gari, hawana kitu, lakini wana Darry, kaka mkubwa. Wote watatu wanafika ukurasa wa mwisho wakiwa hai.

Nawasilisha.

#2 Nimekaa Paleee
Uzi wa kuweka kambi huu. Naleta mkeka.

#3 Jicho la Hesabu
Mzee, hoja nzuri ila umeruka daftari la matumizi. Chukua Darry peke yake. Ana miaka 20. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa Kimarekani shuleni, akachaguliwa kijana bora wa mwaka. Chuo hakwenda. Kwa nini? Si kwa kukosa wa kumkataza. Pesa haikutosha, kisha wazazi wakafa. Sasa anaezeka mapaa na ana kazi ya pili juu yake. Soda ana 16 anaelekea 17, kaacha shule, yuko kituo cha mafuta cha DX pamoja na rafiki yake Steve. Nyumba nzima inaishi kwa migongo ya vijana wawili ili wa tatu, mwenye miaka 14, aendelee na darasa.

Halafu usiku wa pambano kubwa nani anasimama mbele ya Darry? Paul Holden, aliyecheza naye timu moja. Mmoja kaenda chuo, mwingine kabeba furushi za vigae mgongoni. Walikuwa na kocha yule yule na uwanja ule ule, na Darry ndiye aliyekuwa nahodha. Tofauti iliyobaki ni ipi kama si pesa? Na wazazi wa Curtis walipokuwa hai walikuwa wazazi wazuri tu, kitabu kinasema hivyo.

#4 Bibi Insha
Wote mnazunguka. Ni sheria. Miezi minne kabla ya hadithi kuanza, Johnny alipigwa uwanjani na Socs wanne mpaka akakosa kutambulika, usoni ana kovu la pete. Hakuna polisi aliyekuja. Sura ya 1, Ponyboy anakabwa akitoka sinema na kuwekewa kisu shingoni. Hakuna polisi. Usiku Johnny anapomchoma Bob kisu, msako unaanza mara moja, Johnny anakabiliwa na shitaka la mauaji na ndugu wa Curtis wanatishiwa kutenganishwa. Wanafanya makosa yale yale, ila daftari la polisi linaandika majina ya upande mmoja.

Msimuliaji mwenyewe analisema mwanzoni kabisa: Socs wanaandikwa kwenye tahariri, leo aibu ya jamii, kesho hazina ya jamii. Greasers hawapati bahati hiyo ya kesho.

#5 Kalamu Nyekundu
@Bibi Insha nakusahihisha kidogo. Shitaka la Johnny ni la kuua bila kukusudia, si mauaji. Na tofauti hiyo ni kubwa kwa hoja yako: ina maana upande wa mashitaka haukuwa umemchukulia Johnny kama mnyama.

Na @Mzee wa Kurasa, neno "Tulsa" limo kwenye filamu. Kwenye kitabu mji hautajwi jina. Windrixville wanakokimbilia ni mahali pa kubuni.

#6 Bibi Insha
Hata likiitwa bila kukusudia, aliyepigwa miezi minne nyuma hakufunguliwa faili lolote. Hoja imekaa palepale.

#7 Mzee wa Kurasa
Kutotajwa hakubadilishi kitu, Kalamu Nyekundu. Hinton ni mtoto wa Tulsa, kasoma Will Rogers High School, na makundi aliyoyaandika ndiyo aliyoyaona pale.

#8 Dogo Maswali
Samahani wakuu, "kasoma" yeye... huyu mwandishi ni mwanamume au mwanamke? Mimi siku zote nilijua ni jamaa.

#9 Nimekaa Paleee
Hahaha mtego wa mwaka 1967 bado unanasa watu.

#10 Maktaba Kuu
@Dogo Maswali ni Susan Eloise Hinton, alizaliwa 1948. Wachapishaji, Viking, waliona herufi za kwanza zitafaa zaidi ili wahakiki wanaume wasikitupe kitabu cha magenge kabla ya kukifungua kwa kuwa kimeandikwa na msichana. Alianza kukiandika akiwa na miaka 15, sehemu kubwa aliimaliza akiwa na 16, kikatoka Aprili 1967 akiwa na 18. Mwaka ule ule alioandika, somo la uandishi wa kubuni shuleni alipata D. Kichocheo cha kwanza kilikuwa rafiki yake kupigwa njiani akirudi nyumbani.

Mwaka 1988 akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Margaret A. Edwards, inayotolewa kwa waandishi wa vitabu vya vijana. Na kitabu hicho hicho kiko kwenye orodha za vitabu vilivyopingwa sana mashuleni Marekani: sigara, pombe, visu, familia zilizovunjika.

#11 Dogo Maswali
Shukrani. D kwenye uandishi! Huyo mwalimu wake sijui alilala wapi.

#12 Fundi Saa
Naomba niingize jambo la tarehe, maana linagusa mjadala wa tabaka. Kitabu hakitaji mwaka. Watu husema 1965 na filamu ndivyo ilivyo, lakini ushahidi wa ndani upo. Bob anatembelea Mustang ya bluu, na Mustang ilianza kuuzwa Aprili 1964. Socs wanapenda The Beatles, Greasers wanashikilia Elvis. The Beatles walivuma Marekani mwanzoni mwa 1964. Kwa hiyo hadithi haiwezi kuwa kabla ya 1964, na haiwezi kuvuka 1966 kwa sababu mswada ulikuwa umeshauzwa.

Kwa nini inagusa tabaka? Kwa sababu Mustang ilikuwa gari jipya kabisa. Mtoto wa sekondari kuendesha gari ambalo halijamaliza hata miaka miwili tangu litoke kiwandani, wakati Greaser anasifiwa kwa kujua kutengeneza magari ya wengine! Steve Randle, miaka 17, gari analijua kuliko mwenye nalo. Mwandishi hakuhitaji kutaja mshahara wa mtu yeyote.

#13 Jicho la Hesabu
Nimekupigia saluti Fundi. Ongeza Corvair nyekundu ya sura ya 1. Greasers wanawajua adui zao kwa rangi ya gari kabla ya kuona sura ya mtu.

#14 Mwanasheria wa Shetani
Mnasema pesa, haya nijibuni hili. Sura ya 2, sinema ya kutazamia ndani ya magari. Kuingia kwa miguu ni senti 25 tu. Dally anapita chini ya uzio. Msimuliaji anaeleza sababu: hapendi kufanya kitu kwa njia halali. Senti 25 anazo, kwa sababu usiku ule ule anawapatia wenzake dola 50 papo hapo pamoja na bastola ili wapande treni ya mizigo ya saa tisa na robo usiku.

Kwa hiyo uGreaser kwa Dally ni chaguo na heshima anayojijengea. Ukimpa milioni atapita chini ya uzio ule ule.

#15 Bibi Insha
Mtu aliyeishi mitaa mibaya ya New York na kukamatwa akiwa na miaka 10 "anachagua"? Ukishawekwa kundi la wahalifu utotoni, kulipa senti 25 ni kukubali mchezo ambao umeshafukuzwa uwanjani.

#16 Mwanasheria wa Shetani
Na Two-Bit, Greaser mwingine, je? Ana miaka kumi na minane na nusu, hajamaliza sekondari, anaiba madukani kwa burudani. Hakuishi New York.

#17 Asali na Pilipili
Ngojeni niwape jibu la nne, wanaume mmejaa sana humu mkamsahau Cherry Valance. Yeye ni Soc, kiongozi wa kushangilia timu, na ndiye anayetoa nadharia kamili ndani ya kitabu, sura ya 3: si pesa peke yake, ni namna ya kuhisi. Socs wamejifunza kuficha hisia mpaka hawajui tena kama wanazo. Greasers wanahisi kila kitu kupita kiasi. Hapo ndipo Ponyboy anapogundua kuwa yeye na Cherry wanatazama machweo yale yale, kila mmoja kutoka upande wake wa mji.

Lakini Hinton ni mjanja. Msichana huyo huyo anamwambia Ponyboy kwamba wakikutana shuleni asipomsalimia asichukulie vibaya. Na baadaye anakataa kwenda kumwona Johnny hospitalini kwa sababu ndiye aliyemuua Bob. Nadharia yake haimsaidii hata yeye mwenyewe.

#18 Mzee wa Kurasa
Hii ndiyo sababu nilifungua uzi. Shukrani dada.

#19 Kalamu Nyekundu
Kuna kitu wote mnakipita. Mnanukuu "kitabu kinasema". Kitabu hakisemi, Ponyboy ndiye anayesema. Na tunajua kwa nini anaandika: Mwalimu Syme wa Kiingereza amemwambia alama zimeporomoka, akileta insha nzuri ya muhula atampitisha kwa C. Insha hiyo ndiyo riwaya tuliyoishika. Inaishia kwa sentensi ile ile iliyoanzia. Kwa hiyo unachosoma ni maelezo ya mtoto wa miaka 14 anayejitetea mbele ya mwalimu, baada ya kupata jeraha la kichwa na homa kali.

Ushahidi kuwa kumbukumbu yake ina kasoro: sura ya 11 anamshikilia Randy kwamba kisu kilikuwa mkononi mwake yeye, kwamba yeye ndiye aliyemuua Bob, na kwamba Johnny hajafa. Mtu wa namna hiyo anapokuambia kuwa Socs wana roho baridi na Greasers wana moyo, pima.

#20 Jicho la Hesabu
Lakini hapo hapo sura ya 12 anakumbuka sawasawa, na anaandika alichokuwa anakikana. Msimuliaji mwongo hakuachii ushahidi wa uongo wake mezani.

#21 Kalamu Nyekundu
Aliandika baada ya kupona, ndiyo, ila alishachagua upande. Randy ndiye Soc pekee wa kiume anayepewa nafasi ya kuongea kwa kirefu. Wengine ni marashi ya kunyolea, shati za madras na pete.

#22 Mwl. Chaki
Wakuu poleni na mjadala, nachepuka. Kitabu hiki kikiwa cha kusomwa darasani na vijana wa miaka 13 hadi 15, kigawanywe vipi? Sura 12. Watu wengi hukwama wapi?

#23 Maktaba Kuu
@Mwl. Chaki kitabu ni chembamba, wiki 4 zinatosha na ziada, vipindi vitatu kwa wiki. Gawa sura tatu tatu, ila kumbuka uzito wake haulingani.

Wiki ya 1: sura 1 hadi 3. Hapa ndipo darasa hupotea, kwa sababu sura ya 1 inaleta watu saba mfululizo, wengi wao na majina ya kipekee. Two-Bit jina lake ni Keith, Cherry ni Sherri, Ponyboy na Sodapop ni majina halisi ya vyeti, jambo linalowachanganya zaidi. Bandika jedwali ukutani lenye nguzo nne: jina, umri, kazi au darasa, anachoogopa. Nguzo ya nne iache wazi, wajaze wenyewe kadiri wanavyosoma. Ukiwapa orodha iliyojazwa hawatasoma maelezo.

Wiki ya 2: sura 4 hadi 6. Chemchemi ya bustani, kanisa lililotelekezwa, moto. Sura ya 4 isomwe kwa sauti mfululizo bila kukata. Ukiisimamisha katikati ya chemchemi, nusu ya darasa itarudi kesho ikijadili kisu tu na kusahau kuwa Ponyboy alikuwa anazamishwa. Hilo ndilo jambo ambalo kesi nzima inategemea.

Wiki ya 3: sura 7 hadi 9. Wiki ya 4: 10 hadi 12, na kipindi kizima kwa ajili ya ukurasa wa mwisho kurejea wa kwanza.

#24 Asali na Pilipili
Naongezea kosa jingine la kawaida: kuligeuza shairi la Robert Frost la 1923, "Nothing Gold Can Stay", kuwa zoezi la kukariri. Ponyboy analisoma kanisani asubuhi, anakiri hajui maana yake kamili. Maana inakuja kutoka kwa Johnny, sehemu mbili: akiwa hospitalini anakufa, kisha kwenye barua iliyowekwa ndani ya Gone with the Wind. Darasa likipewa maana siku ya kwanza, barua ya sura ya 12 inapoteza kazi. Liache shairi likae bila ufafanuzi kwa wiki mbili.

#25 Mwl. Chaki
Hili la kuacha nguzo ya nne wazi nimelipenda. Na pambano la sura ya 9, wanafunzi hulishangilia kama fainali. Nifanyeje?

#26 Fundi Saa
Wape hesabu yake. Socs 22, Greasers 20, na upande wa Greasers umejazwa na genge la Tim Shepard na vijana wa Brumly. Kanuni ni moja: hakuna silaha, wanaokimbia ndio wameshindwa. Socs wanakimbia. Sasa waulize: baada ya ushindi, nani kahamia upande wa magharibi? Nani kalipiwa chuo? Randy alishamwambia Ponyboy kabla, kwamba mkishinda bado mtabaki chini na sisi juu. Kisha geuza ukurasa tu, Johnny anakufa dakika chache baadaye kwenye sura hiyo hiyo, na akiwa kitandani anasema kupigana hakuna faida. Shangwe zinakufa zenyewe, huhitaji kuhutubia.

#27 Dogo Maswali
Na anayetaka kuandika riwaya ya namna hii? Makundi mawili ya vijana, tabaka mbili. Mbona nyingi zinaishia kuwa kama tamthilia ya televisheni?

#28 Kalamu Nyekundu
Kwa sababu waandishi wengi hujenga ukuta kwanza kisha wanatafuta watu wa kuuegemea. Angalia alivyofanya Hinton:

Kwanza, kosa linaanza mapema na ni dogo. Wasichana wawili wanasindikizwa nyumbani kwa miguu. Hilo tu. Kutoka hapo kila hatua inasukumwa na iliyotangulia: wanachelewa, Darry anampiga Pony kibao, Pony anakimbilia bustanini, Mustang inapita. Ukiondoa kibao cha Darry hakuna mauaji. Mwandishi mchanga angefanya Socs waje kwa sababu ni wabaya.

Pili, kila mhusika ana umri kamili, kazi, na kitu kimoja cha kushikika. Two-Bit ana kisu cha springi chenye mpini mweusi alichokiiba. Baadaye Dally anakichukua hospitalini ili atoke akapigane. Chombo kimoja, kazi mbili.

Tatu, anayevuka mpaka lazima alipe. Cherry akivuka anaitwa msaliti na Ponyboy mwenyewe. Randy akivuka anabaki peke yake. Ukiandika mhusika anayevuka bure, makundi yako ni mapambo.

Panapoharibika zaidi ni lugha. Misimu ikizidi kitabu kinazeeka ndani ya mwaka. Hinton anaitumia kwa kiasi na anaieleza mara moja tu mwanzoni.

#29 Mwanasheria wa Shetani
Umeisifia mno. Kanisa kuwaka moto siku ile ile Dally anapokuja kuwachukua, na watoto wa pikiniki ndani yake? Bahati nasibu hiyo. Darry kulia hospitalini kwa sababu mpango unahitaji wapatane. Kitabu kina hisia nyingi za miaka 16 na si siri.

#30 Asali na Pilipili
Moto una chanzo: Pony anadhani walidondosha sigara iliyowaka, na ndiyo sababu anaruka dirishani. Si malaika, ni hatia. Hilo la watoto kuwa pikiniki pale nakuachia, ni zawadi kwa mwandishi.

#31 Mtaa wa Pili
Nimesoma posti zote nasubiri mtu aseme, hakuna. Mji wenyewe ni Tulsa, jimbo la Oklahoma. Tarehe 31 Mei hadi 1 Juni 1921 wazungu waliuteketeza mtaa wa Greenwood, mtaa wa Weusi uliokuwa na biashara zilizostawi. Kitabu cha miaka ya 60 kuhusu mji uliogawanyika, na mgawanyiko wote unaosimuliwa ni wa wazungu kwa wazungu. Mnajadili pesa, sheria, wazazi, hisia. Mstari mkubwa kuliko yote ya mji huo haumo kwenye kurasa.

#32 Mzee wa Kurasa
Hoja nzito. Ila Hinton aliandika alichokiona shuleni kwake.

#33 Mtaa wa Pili
Ndiyo, na alichokiona ni matokeo ya mstari huo. Simlaumu msichana wa miaka 16. Nasema tu kwamba tukiita kitabu hiki "ramani ya matabaka ya Tulsa" tunaongopa. Ni ramani ya nusu mji. Tamthilia ya muziki iliyofika Broadway 2024 ililigusa kwa kumpa Joshua Boone, mwigizaji Mweusi, nafasi ya Dallas. Ghafla Dally kupigwa risasi na polisi akiwa na bastola isiyo na risasi kunakuwa na uzito mwingine kabisa.

#34 Nimekaa Paleee
Ndiyo hiyo iliyochukua tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki?

#35 Maktaba Kuu
Hiyo hiyo, 2024, na Danya Taymor akachukua ya uongozaji. Pambano la kwenye mvua lilisaidia: tuzo za taa na sauti nazo zilienda huko.

#36 Fundi Saa
Tukiwa kwenye Dally: alijiua au aliuawa? Bastola anaibeba tupu, alishasema mwenyewe kuwa inasaidia kutisha tu. Anavamia duka mara baada ya Johnny kufa, anawapigia simu wenzake, anakimbilia uwanjani, anaiinua mbele ya polisi. Ponyboy anaamini alitaka kufa.

#37 Bibi Insha
Alitaka kufa, na mji ulikuwa na watu wa kulipwa mshahara kumtimizia. Yote mawili.

#38 Mzee wa Kurasa
Au alikosa mtu pekee aliyekuwa akimlea moyo. Johnny ndiye aliyemkataza Dally asiwasumbue wasichana sinemani, na Dally akatii. Mtu mmoja duniani aliyeweza kumwambia "acha". Alipokufa, breki zikafa. Narudi kwenye posti #1.

#39 Jicho la Hesabu
Mzee una nyundo moja, kila kitu kwako msumari.

#40 Mwl. Chaki
Swali la mwisho kabla sijapanga ratiba: filamu ya Coppola, nioneshe ipi?

#41 Maktaba Kuu
Ziko mbili. Ya 1983 ni dakika 91, imekatwa sana, inaruka haraka kwenye mambo ya nyumbani kwa Curtis. Ya 2005 imerudishiwa dakika 22: mwanzo ambapo Pony anakabwa na Socs, kesi mahakamani, na ndugu watatu mwishoni. Muziki wa Carmine Coppola, baba wa mwongozaji, umeondolewa sehemu nyingi na kuwekwa nyimbo za enzi zile. Kwa darasa linalolinganisha na kitabu chukua ya 2005. Kwa jioni moja ya burudani ya 1983 inatosha.

Kumbuka pia chanzo cha filamu: wanafunzi wa Lone Star School huko Fresno, California, pamoja na mkutubi wao, walimwandikia Coppola barua wakimwomba aitengeneze. Hinton mwenyewe anaonekana kwa muda mfupi kama muuguzi.

#42 Asali na Pilipili
Na wakati wa kurekodi Tulsa mwaka 1982, Coppola aliwaweka waigizaji wa Socs kwenye vyumba vizuri zaidi na kuwapa miswada yenye jalada la ngozi, wa Greasers wakapewa ya karatasi. Chuki ikaja yenyewe mbele ya kamera.

#43 Jicho la Hesabu
Umesikia hiyo Mzee? Vijana wale wale, hakuna aliyebadilishiwa wazazi. Vyumba na majalada tu, na ugomvi ukaanza.

#44 Mzee wa Kurasa
Na aliyegawa vyumba ni nani? Mkubwa wa nyumba. Endelea kunisaidia.

#45 Mtaa wa Pili
Waigizaji wote hao ni wazungu lakini.

#46 Nimekaa Paleee
Kambi naihamishia posti #50, leteni chai.